Mashudu

Nyemo, kiroba hiki si cha ng'ombe.
Ulisema nilete mashudu, nimeleta.
Basi la Kibaigwa limenishusha saa nne,
nikapanda kilima cha chuo na vumbi la Septemba miguuni.
Mlinzi akauliza, mama, mzigo wa nani?
Nikajibu, wa maabara. Akacheka, akafungua geti.

Miaka kumi na tisa nailisha alizeti mashine ile
nyuma ya soko la mahindi.
Kwa mlio tu najua imechoka.
Mkamuo wa kwanza mafuta hushuka yenyewe.
Wa pili mpaka ukaze skrubu, upashe moto.
Wa tatu mota inalia kuliko kinachotoka.
Kinachobaki twakiita mashudu, lori la Singida linakizoa,
huko wanakitia dawa
wakamue nilichoshindwa mimi.

Ukanionyesha jiwe. Nilitarajia kubwa.
Kumbe mchanga ulioganda, saizi ya gunzi,
umetoka kwenye kisima cha ng'ambo
kilichoanza kutoa mafuta bibi yako hajaolewa.
Walichota yaliyopanda yenyewe.
Wakasukuma maji chini, yakaja mengine,
halafu yakaja maji, na maji, na maji.
Zaidi ya nusu bado yamo,
yameng'ang'ania vitunduni
kama ukoko kwenye sufuria.

"Maji na mafuta hayasalimiani, mama."
Ukafungua mtungi. Hewa ukaa:
hii niitoayo puani nikipuliza jiko,
hii inayofurukuta kwenye soda.
Ukaibana, ukaibana,
ikawa si hewa tena, wala maji haijawa,
kitu cha katikati
ambacho Kigogo changu hakina jina lake.
Ikapenya jiweni. Ulisema huko ndani
mafuta yanaimeza, yanavimba,
mnato unalegea,
yanaachia.

Tulingoja mpaka adhana ya alasiri.
Mshale wa geji ukitetemeka, nawe hupepesi.
Halafu tone. Jeusi, zito, likafikiri mara mbili
kabla ya kuanguka kwenye kioo.
Uliandika: kumi na mbili kwa mia, nyongeza.
Mkono wako uliandika vibaya kwa furaha.

Nami nikaharibu.
Hewa yenyewe inakwenda wapi?
"Nyingine inarudi, tunaisukuma tena. Nyingine inabaki,
inafungiwa chini, haipandi angani."
Na mafuta?
"Yanauzwa."
Yakiuzwa?
"Yanachomwa, mama."
Yakichomwa yanatoa nini?
Ukageukia valvu ambayo haikuwa na shida.
"Hewa ukaa," ukasema. Hukuniangalia.
"Mahesabu yanategemea nani anahesabu."

Sikukucheka, mwanangu. Nitakuchekaje?
Mwaka jana mvua ilikuja Januari ikaondoka na Januari,
shamba la magunia thelathini likanipa saba,
na mashine niliyoyakamulia hayo saba
inakunywa dizeli.
Dizeli ya nani, ya kisima gani, kipya au kikongwe,
sijawahi kuuliza pale sheli.
Naulizaga bei.

Huku kwetu tukichimba tunapata maji ya chumvi.
Hatuna kisima cha mafuta hata cha kuzeekea.
Wewe umesomea uzee wa visima vya watu,
na usiku mmoja, nilipoamka, nilikuona mezani
unachora mwamba kwa penseli,
kila punje ya mchanga na giza lake.

Kisha ukafungua kiroba.
Ukakifinyanga kipande cha mashudu, ukakifunga
ndani ya chuma kile kile, ukatazama mlango.
"Hili mwalimu hajaliandika."
Mtungi ukanguruma.

Matone tisa. Ya njano, maangavu,
bila moto, bila dawa ya Singida.
Nikalamba kidole: alizeti yangu,
ile niliyoiuza kama takataka.

Ulikuwa unasubiri nikusifu.
Nikakuuliza mtungi mmoja unauzwaje.